Ng'ombe wa Kwandu na Rangi Mia Moja Thelathini na Saba

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Kwa masikitiko makubwa, na kwa kuzingatia uzito wa jambo lenyewe, naandika hapa kwamba leo saa mbili na robo asubuhi kibao cha mlangoni pangu kimeanguka. Si kibao chote. Ni kipande cha juu tu, kile kilichoandikwa KAIMU. Kilichobaki kilisomeka MKUU WA KITENGO CHA UGAVI. Nilisimama nikakitazama kama dakika tatu. Sijawahi kuona mlango mzuri namna ile.

Kipande hicho kilitengenezwa peke yake kwa ombi langu mwenyewe, ili siku nikithibitishwa king'olewe bila kuharibu kazi ya mpaka rangi. Hiyo ilikuwa mwaka 2018.

Furaha ilidumu mpaka saa mbili na nusu. Juvenali, afisa mifugo, mwenye ofisi mkabala na yangu, alikiokota, akaazima nyundo, akakirudisha kwa misumari miwili. Zamani ulikuwa mmoja. Kisha akanisalimu kwa adabu zote: habari za asubuhi, Kaimu. Ni Mhangaza wa Ngara, mwembamba, mtulivu, hajawahi kupandisha sauti. Watu wa namna hii wananichosha.

Kwa yeyote atakayesoma shajara hii nikishakufa: ofisi yetu ni Mamlaka ya Minada ya Mifugo, Kanda Ndogo, hapa Biharamulo mjini. Vyumba saba, gari moja, vyoo viwili, kimoja cha Mkurugenzi. Kazi yetu ni kutoa vibali vya kusafirisha ng'ombe. Bila kibali, ng'ombe hapiti kizuizini. Vibali tunaviandika kwa mkono, kwenye vitabu vyenye karatasi ya kaboni.

Leo Mkurugenzi wetu, Bi. Niragira, ametuita wote. Makao makuu wanataka kufikia mwisho wa mwezi vibali vitolewe kwa kompyuta. Akasema njia ni mbili: tununue programu iliyo tayari, au tutengenezewe ya kwetu. Atakayesimamia ataandika ripoti ya ubunifu. Halafu akaongeza, akiwa ananitazama mimi, au pengine dirisha lililo nyuma yangu, kwamba mwezi wa kumi makao makuu watajaza nafasi zote zinazokaimiwa.

Sijala mchana. Nilikuwa nafikiri.

Jumatano, 4 Septemba 2024

Wakala amekuja kutoka Mwanza na programu yake. Iko tayari kabisa. Inatumika, kwa maelezo yake, kwenye minada mingine na kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ukinunua leo, akasema, kesho unatoa kibali. Sikupenda alivyolitamka hilo neno kesho. Kitu cha kesho unakiandikia ripoti gani?

Akatuonesha ukutani kwa projekta. Jina la mfugaji. Umri wa ng'ombe. Jinsia. Rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kahawia, kijivu, mabaka.

Sita! Nikaona njia.

Nikasimama kuuliza swali. Nilitaka kujua kama ndugu wakala anafahamu kwamba wafugaji wetu wengi ni Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga na Mwanza, na kwamba watu hawa wana majina ya rangi za ng'ombe kuliko mimi nilivyo na mashati. Nikaeleza. Nikatoa mifano, mingine nikiitunga hapo hapo. Juvenali akasema taratibu, "Kaa, Kaimu. Kichwa chako kinatufunika." Wakacheka. Sikukaa, kwa sababu hoja ilikuwa inanoga. Niliendelea mpaka umeme ukakatika, na kikao kikaishia hapo.

Wakala aliacha kijitabu cha maelezo. Nimekifungia kwenye droo yangu kwa usalama wake.

Nyumbani Swaumu aliuliza siku imekwendaje. Nikamwambia leo nimeiokoa serikali. Akauliza kutoka kwa nani.

Ijumaa, 6 Septemba 2024

Dokezo limekamilika. Kurasa kumi na moja.

Nimeanza na babu yangu. Babu mzaa baba alikuja hapa kutoka pwani na marobota ya nguo, akaweka cherehani barazani, akawavalisha watu wa mji huu miaka arobaini. Nikaandika kwamba nguo ya dukani imeshonewa mtu ambaye fundi hajawahi kumwona, na kwamba Serikali haiwezi kuvaa suruali ya mtu mwingine. Nikaandika kwamba ng'ombe wetu wanastahili kupimwa na kushonewa. Sikuandika kwamba mimi mwenyewe ng'ombe namfahamu zaidi akiwa kwenye sahani.

Juvenali naye aliandika dokezo. Mistari minne: ya dukani ipo, inafanya kazi, muda ni mfupi, tununue. Huyu mtu hana hata aibu ya kujaza ukurasa.

Bi. Niragira amesoma yote mawili. Amesema langu lina maneno mengi, lakini hoja ya rangi ina mashiko. Nitengenezeshe. Mwisho wa mwezi, bila kuongeza siku.

Tuliomba mafundi watatu walete maombi yao. Wa kwanza anauza wino wa printa, akasema kazi hii haiwezi. Wa pili hakujibu. Wa tatu ni Wiston, mwenye duka la fotokopi, picha za pasipoti na kadi za harusi karibu na stendi. Alisoma kompyuta Mwanza miezi tisa. Vilevile amemwoa mdogo wangu. Fomu inauliza kama nina undugu na mwombaji. Nimeandika hapana. Ndugu yangu ni dada yangu, naye hajaomba kazi yoyote.

Jumanne, 10 Septemba 2024

Kikao cha rangi, kwenye banda letu la mnadani Nyakahura. Nimewaita wazee wawili wanaosifika kwa kujua ng'ombe: mzee Bulugu, asili yake upande wa Shinyanga, na mzee Kazimili, upande wa Mwanza. Nilidhani tutamaliza saa nne, tunywe soda, tuondoke.

Saa nne tulikuwa na rangi kumi na tisa. Saa saba, sitini na moja. Kuna mwekundu mwenye tumbo jeupe, na kuna mwekundu mwenye tumbo jeupe lakini weupe umepanda mpaka kwenye nyonga, na huyo ana jina lake. Kuna rangi ya majivu ya jana na rangi ya majivu ya leo. Kuna wa rangi ya kanga, na kuna kanga aliyenyeshewa mvua. Bulugu akitaja, Kazimili anatikisa kichwa. Kazimili akitaja, Bulugu anacheka mpaka anakohoa. Kazimili alifika mahali akaniuliza kwa huruma huyu mwenzake alichunga ng'ombe au mbuzi. Bulugu akajibu kwamba yeye alikuwa anachunga wakati baba yake Kazimili anaogopa ndama.

Mimi naandika. Soda kreti mbili.

Tukiwa namba mia moja thelathini na saba, akaingia bibi mmoja ambaye sikumwalika. Anaitwa Kwandu, mjane, anaishi upande wa Runazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa, akaomba asomewe orodha yote. Nikaisoma. Ilichukua nusu saa. Akasema, "Wa kwangu hayumo."

Akaeleza. Ng'ombe jike, mwekundu wa kutu, kiunoni ana vidoa vyeupe kama aliyemwagiwa unga, sikio moja jeusi, sikio jingine lina ncha nyeupe. Bulugu na Kazimili walitazamana. Kwa mara ya kwanza siku nzima walikubaliana: huyo hawana jina lake.

Bibi akaeleza kwa nini amekuja. Mwanawe wa mwisho anaoa huko Kahama. Mwezi wa sita mama wa binti alikuja kutembea, akapita zizini, akamwonesha kwa kidole ng'ombe huyo mmoja. Wengine wa mahari waweza kuwa wowote, huyu ni lazima awe yeye. Siku ya kupokewa ni tarehe mosi Oktoba. Amesikia vibali vinabadilika, akaogopa.

Nilijisikia mkubwa. Nikamwambia bibi, hii ndiyo raha ya kitu cha kushonesha. Ng'ombe wako ataingia yeye kama yeye, namba mia moja thelathini na nane. Nikaandika maelezo yake nyuma ya risiti ya soda, nikaitia mfuko wa shati mbele ya macho yake.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alhamisi, 19 Septemba 2024

Wiston anafanya kazi kwa bidii, ukiacha Jumamosi za harusi. Programu inawaka. Tumeipa jina RANGI HALISI.

Nimempa maagizo matatu ya kiusalama, na ninajivunia yote. Kwanza, asiache mahali popote pa mtu kuandika maneno yake. Nafasi tupu ni mlango wa rushwa. Kila kitu kichaguliwe kwa namba. Pili, kibali kikishachapwa, kisibadilishwe na mtu yeyote, hata Mkurugenzi. Tatu, kuwe na kitabu cha picha cha kupeleka kizuizini, ili mlinzi afananishe ng'ombe na namba yake.

Kitabu kimetoka. Wiston amechukua ng'ombe kutoka kwenye pakiti ya maziwa, akampaka rangi mara mia moja thelathini na saba. Kuanzia namba themanini wino mwekundu ulianza kuisha, kwa hiyo wekundu wa mwishoni wanaelekea chungwa. Nimesema haina shida, ndiyo rangi ya jua la huku.

Nimetoa waraka pia: ng'ombe yeyote asiyefanana na picha ya namba yake azuiliwe kizuizini mpaka Kitengo cha Ugavi kitoe maelekezo. Juvenali aliuliza kwa nini Ugavi na si Mifugo. Nikamwambia ubunifu unavuka mipaka. Akaniangalia kama mtu anayetazama mgonjwa ambaye hajui kwamba anaumwa.

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Uzinduzi, Nyakahura. Jenereta, turubai, utepe. Bi. Niragira akakata utepe, tukapigwa picha, mimi nikiwa katikati kwa bahati mbaya niliyoipanga.

Kibali cha kwanza: dakika thelathini na tano. Kwa mkono kilikuwa dakika nne. Mfugaji alikuwa na ng'ombe wawili tu, lakini Bulugu na Kazimili, niliowaajiri kwa siku hiyo kama wataalamu wa rangi, hawakuelewana juu ya mkia. Msururu ukafika barabarani. Ng'ombe walianza kulalamika, halafu wenyewe.

Wa tatu alikuwa Kwandu. Lori la kwenda Kahama linanguruma, wenzake wameshapandisha wa kwao na wale wengine wa mahari kwa vibali vya zamani vya wiki iliyopita; huyu mmoja alisubiri namba niliyomwahidi. Nikatafuta namba mia moja thelathini na nane. Haikuwepo. Wiston akasema mimi sikumletea. Nikapapasa mfuko wa shati. Shati lilikuwa jingine. Lile la siku ya soda Swaumu alilifua siku kumi zilizopita, pamoja na vilivyomo.

Nilitaka kuongeza hapo hapo. Wiston akanong'ona kwamba kuongeza rangi moja kunadai kuanza upya yote, siku mbili.

Nikauliza basi anayekaribia ni namba ngapi. Bulugu akasema themanini na nane. Kazimili akasema arobaini na moja. Wakaanza. Bi. Niragira akatazama saa yake. Nikabonyeza themanini na nane.

Kwandu alikishika kibali kwa ncha za vidole, juu chini. Hasomi. Akaniuliza, "Ni yeye?"

Nikasema, "Ni yeye, bibi."

Uzinduzi umefana.

Jumatatu, 30 Septemba 2024

Mlinzi wa kizuizi chetu cha barabara ya Kahama amepiga simu. Ni kijana wa watu, mtiifu kupita kiasi. Alimshusha ng'ombe wa Kwandu tangu jioni ya Jumamosi. Kibali kinasema themanini na nane. Picha ya themanini na nane ina tumbo jeupe, haina sikio jeusi, na ina rangi ya chungwa. Ng'ombe aliye mbele yake hafanani hata kwa kulazimisha, na waraka umesema azuiliwe. Lori liliondoka na ng'ombe wengine. Kwandu amebaki naye. Amelala siku mbili kwenye kibanda cha muuza mahindi.

Nikampigia Wiston. Yuko Mwanza, amefuata wino. Programu haibadilishi kibali kilichochapwa. Niliagiza mwenyewe.

Mlinzi akaongeza kwamba zizi la kizuizini halina maji. Mto wa karibu umekauka, Septemba hii yote. Anamletea dumu moja kwa siku kwa baiskeli, na ng'ombe ana mimba kubwa.

Juvenali alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni, chini ya kile kibao. Akasema aniandikie barua ya mkono, mistari miwili, aeleze ng'ombe alivyo, nitie sahihi, aipeleke mwenyewe kwa pikipiki. Kufikia saa tisa ng'ombe atakuwa njiani, na kesho asubuhi atakuwa Kahama.

Nilikataa kwa upole. Utaratibu ni utaratibu. Nikamwambia tukianza kuandika barua za mkono wiki ya kwanza, mfumo utakuwa na maana gani?

Akasema, "Anuar, ni ng'ombe mmoja." Hajawahi kuniita kwa jina. Nilijisikia vibaya, nikaandika dokezo.

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Ripoti ya ubunifu imeondoka jana mchana kwenda makao makuu. Kurasa ishirini na picha ya uzinduzi.

Leo asubuhi nimeruhusu barua ya mkono. Busara imetumika. Juvenali alikuwa ameshaiandika tangu Jumatatu, ikiwa mfukoni mwake imekunjwa mara nne. Nikatia sahihi. Hakunishukuru.

Amerudi jioni. Ng'ombe alitupa mimba jana alfajiri, kwenye zizi. Ameondoka leo na lori jingine, amekonda mpaka vile vidoa vya unga vimesogeleana. Kwandu amepanda naye nyuma ya lori, amekataa kukaa mbele.

Nimekosa usingizi kidogo. Swaumu amesema ni wali wa jioni.

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Nimefika ofisini nikamkuta bibi Kwandu kwenye benchi la korido. Nilijifanya nina haraka. Nikaingia ndani, nikapanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa. Saa nne alikuwa bado yupo. Nikatoka. Shikamoo. Marahaba, mwanangu.

Hakuja kudai chochote. Alikuja kurudisha kibali, kwa sababu mlinzi alimwambia karatasi ni mali ya Serikali.

Akanieleza bila kuulizwa. Walifika Kahama siku tatu baada ya siku yenyewe. Wageni walikuwa wameshaondoka, chakula kimeshaliwa. Mama wa binti alitoka nje, akamtazama ng'ombe, akamzunguka. Akasema huyu siye. Wakamwambia ndiye, sikio hili hapa. Akasema yule aliyemnyoshea kidole alikuwa na ndama tumboni, na kwamba ng'ombe aliyetupa mimba njiani hamwingizi nyumbani kwake kuwa mahari ya binti yake. Hakugombana. Amesema mambo yangoje mwakani. Mwanawe Kwandu tangu siku hiyo anaamka, anachunga, analala. Ng'ombe wote wa mahari wamerudi Runazi.

Nikamwambia bibi, tatizo lilikuwa la kiufundi. Orodha ilikuwa na rangi mia moja thelathini na saba na wake hakuwemo.

Alifikiri. Kwa kweli alikuwa anajaribu kunisaidia, nilimwona usoni. Akasema, "Mwanangu, si mngeacha hata kanafasi kadogo? Mtu akaandika tu alivyo."

Nikasema tutalifanyia kazi.

Alipoondoka niliketi mpaka saa sita bila kuwasha taa wala kompyuta.

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Bi. Niragira amekwisha amua. RANGI HALISI imestaafu baada ya siku kumi na tatu za utumishi. Jumla ya vibali: kumi na moja. Makao makuu wameandika barua fupi wakiuliza kwa nini mnada wa Nyakahura umekuwa na msururu mpaka barabarani, na kama zile picha za ng'ombe ni za watoto wa shule.

Wakala amerudi kutoka Mwanza leo asubuhi. Saa tatu aliweka programu. Saa nne ilikuwa inafanya kazi. Juvenali akakaa kwenye kiti, akaitisha kile kibali cha Kwandu, akaanza kukiandika upya ili kumbukumbu ikae sawa. Projekta ukutani, sote tumekaa. Umeme ulikuwepo, kwa bahati yangu mbaya.

Rangi: nyekundu. Halafu chini yake, ukutani, pale pale ambapo siku ile palikuwa na kivuli cha kichwa changu, kulikuwa na kisanduku kirefu, kitupu, kimeandikwa Maelezo Mengine. Juvenali akaandika: kutu, vidoa vyeupe kiunoni kama unga, sikio la kulia jeusi, la kushoto ncha nyeupe. Ilimchukua muda wa kunywa maji.

Bi. Niragira akauliza, "Hiki kisanduku siku ile kilikuwepo?"

Wakala akasema, "Kilikuwepo, mama. Nilitaka kukionesha. Mzee hapa alisimama."

Hakuna aliyecheka. Ningelipenda wacheke.

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Sikukuu, ofisi imefungwa. Nimekaa barazani kwa babu, pale ilipokuwa cherehani. Ni mahali pazuri pa kusema ukweli, maana hakuna anayesikiliza.

Ukweli ni huu. Tarehe nne Septemba nilikiona kile kisanduku kabla ya mtu mwingine yeyote chumbani. Nilikaa mbele, nasoma haraka. Nilielewa papo hapo kwamba mwenye kisanduku kile hana haja ya rangi mia, wala ya kamati, wala ya ripoti, wala ya mimi. Nikasimama. Najua ukubwa wa kichwa changu, wamekuwa wakinitania tangu madrasa. Nilikiweka mbele ya projekta kwa makusudi, nikasema chochote kilichokuja mdomoni mpaka umeme ulipokatika. Kijitabu cha wakala bado kiko kwenye droo. Kisanduku kimo, ukurasa wa sita.

Na barua ya mkono sikuikataa kwa ajili ya utaratibu. Ripoti ilikuwa iondoke Jumatano. Sikutaka faili liwe na karatasi ya kuonesha kwamba mfumo wangu haukumtambua ng'ombe wa mteja wa tatu wa siku ya kwanza. Nilipima: siku mbili za ng'ombe mmoja, na kipande cha ubao juu ya mlango wangu. Nikachagua ubao. Nilijua kuhusu mimba. Mlinzi aliniambia, nami niliiandika humu kwa mkono wangu, na bado nikaandika dokezo.

Kibao hakijang'olewa. Ijumaa jioni nilikuta msumari wa tatu. Sijauliza ni nani.

Swaumu amesoma ukurasa huu begani kwangu, hajanitania. Amesema jambo moja, niende Runazi nikamwambie bibi huyo maneno haya haya. Nikamwambia nitakwenda. Nitakwenda. Kuna jambo moja tu linanisubiri kwanza.

Ni kwamba Ijumaa, kabla hatujatawanyika, Bi. Niragira ameniachia kazi, nadhani ni ya mwisho kabla hajaamua la kufanya nami: zizi la kizuizini lipate maji, haraka, ng'ombe wasipatwe tena na yaliyompata yule. Pipa la kuhifadhia, birika la kunywea. Madukani hapa mjini yapo, ya plastiki, yamepangwa nje. Juvenali ameshapeleka beseni lake la nyumbani kwa muda, na mlinzi amesema ng'ombe wanakunywa bila shida yoyote.

Bila shida! Lakini beseni halina vipimo. Na yale ya dukani nimepita kuyatazama jana: ni marefu kwa ndama, mafupi kwa fahali, yametengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa mahali fulani ambaye si wa kwetu. Nimezungumza na seremala mmoja hapa mtaani, mwenye adabu, aliyesoma shule moja na shemeji. Anasema kwa mbao na bati anaweza kutengeneza birika la pekee, lenye ngazi tatu. Tatizo ni vipimo vya shingo.

Nimewatumia ujumbe mzee Bulugu na mzee Kazimili. Kikao Jumanne ijayo. Soda kreti mbili.